Kidonge cha Ishirini na Nane

Hapa Sarpi bahari inaishia chini ya dirisha letu,
Bahari Nyeusi, ambayo leo ni ya kijivu
kama maji yaliyooshea sufuria.
Mimi nakaa njia nyekundu.
Wenye la kusema huja kwangu;
wasio nalo hupita kijani, macho wameyakaza mbele.

Mzevinari alikuja mwenyewe, hakuitwa.
Aliburuta begi lililobakiwa na gurudumu moja,
akaweka mezani kopo la bati la biskuti,
akasema, "Nina dawa. Ya maumivu. Ile kali."

Kwenye kopo la biskuti, mpakani,
hutarajii biskuti. Mara nyingi ni sindano na vifungo.
Safari hii ni vidonge, vimelazwa juu ya pamba,
vyeupe, havina sanduku, havina jina,
mayatima.

"Sanduku lake liko wapi?"
"Nimetupa. Lilikula nafasi,
nami nina chai ya kubeba, na soksi za wajukuu."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote,
kwa ile sauti ambayo mke wangu huiita ya mashine ya tiketi:
dawa ikae ndani ya sanduku iliyouziwa;
cheti cha daktari kiandamane nayo,
kimetafsiriwa, kimegongwa muhuri;
idadi isipite siku zilizoandikwa;
na jina la kwenye cheti
liwe ndilo jina la kwenye pasipoti.
Hilo la mwisho ndilo linalowaliza watu.

Cheti alikuwa nacho. Alikitoa kifuani, kimekunjwa mara nne,
bado kina joto.
Kituruki upande huu, Kijojia upande ule, muhuri wa buluu.
Jina: Rostom.

"Rostom ni nani?"
"Mume wangu. Kuna kitu kinamla mfupa."
Akajigusa paja lake yeye,
kama watu wanavyoonyesha kwao
mahali pa mwenzao panapouma.

Sheria ni msumeno. Sawa.
Lakini msumeno una mpini, na mpini ni mimi,
na mshahara wangu, na kamera ile pale juu ya mlango.
Nikamwambia: basi mgonjwa aje.

Akapiga simu. Kutoka Batumi kwa teksi si mbali,
ila kwa mtu anayeshuka ngazi akikalia kila kipandio
ni mbali.

Tukingoja, nikahesabu kwa ncha ya rula,
viwili viwili. Ishirini na saba.
Cheti kinasema ishirini na nane.
Nikarudia. Ishirini na saba.
Nyuma yake foleni ikakohoa.

"Kimoja nimekinywa mimi," akasema,
kabla sijauliza.
"Miezi mitatu namwinua bibi wa watu kitandani, kule Trabzon.
Mgongo huu." Akanyamaza.
"Si mgongo tu. Nilitaka kujua."
"Kujua nini?"
"Anakwenda wapi, akishakimeza."

Fomu yangu ina kisanduku: *Upungufu, taja sababu.*
Ni kidogo, kinatosha maneno mawili.
La dawa kutokuwa na sanduku lake nililiandikia onyo.
Hicho kingine nilikitazama muda mrefu,
kalamu ikatoa doa,
doa nikaliacha.

Rostom akafika na koti juu ya nguo za kulalia,
ndala miguuni, mwezi wa kumi na moja,
dereva kamshika kwapa.
Nikalinganisha majina, herufi kwa herufi.
Picha ilipigwa enzi zile alipokuwa na mashavu.

Nikasukuma kopo kuelekea kwake.
Hakulitazama.
Alimtazama mkewe, juu mpaka chini,
yeye, ambaye koti lilimning'inia kama liko kwenye msumari,
akasema,
"Umekonda."